Uzi Mwekundu Kwenye Pua ya Boti

Jumatatu, 3 Juni

Maji yameshuka na boti zimeanza kupandishwa nchi kavu. Leo asubuhi tumevuta ya kwanza kwa kamba na magogo, watu sita tukisukuma na mmoja akitoa amri. Huyo mmoja ni Kinyozi, ambaye mgongo humuuma kila penye kazi nzito. Tunamwita hivyo kwa sababu kazi yake ni kukwangua matumbo ya boti, na yeye mwenyewe sijawahi kumwona bila ndevu.

Boti ni ya faiba, ndefu, ya watu ishirini. Zamani ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Shule ya ng'ambo imeinunua kwa mfanyabiashara mmoja aliyehama, ivushe wanafunzi, na mwalimu mkuu anataka siku ya kuishusha ajione sura yake ubavuni. Baba Mkubwa akamjibu kwamba boti hii hajawahi kuiona maishani mwake, lakini itang'aa. Kisha akanigeukia na kusema kazi yote ni yangu, kuanzia kuosha mpaka kupaka nta. Mimi! Mwaka jana sikujua hata msasa unashikwa upande gani.

Baba Mkubwa ni kaka wa marehemu baba mkwe wangu, na karakana ni yake. Mume wangu alipokufa mwaka jana, wengi walikuja na maneno matamu wakaondoka nayo. Yeye peke yake alisema, "Njoo kazini." Ndiyo maana kwenye sala zangu huwa namtanguliza yeye kabla ya wazazi wangu.

Nilitamani kumhadithia mtu habari hii. Mwanangu Kidoti alikuwa na kazi zake za shule, na mama mkwe alinipokea kwa mgongo, kama kawaida yake. Basi nimeandika.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwangua konokono na ukoko wa kijani kutwa nzima. Nanuka samaki aliyesahaulika.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeiosha mara tatu. Sabuni, maji, halafu ile dawa kali ya kutoa manjano, inayokula kucha usipovaa glavu. Kinyozi akapita akasema ameona maiti zikioshwa kwa haraka kuliko hivi. Nikamwambia yake nitaiosha polepole zaidi, maana ina ndevu. Alicheka mpaka akashika ule mgongo wake.

Jumatatu, 10 Juni

Leo nimepewa uzi wangu! Lazima nieleze, maana hakuna karakana nyingine yenye mambo haya. Zamani kiraka kimoja kilivuja, na mafundi wote wakaruka, kila mmoja akimsonta mwenzake. Baba Mkubwa akaweka sheria: ukiziba tundu la faiba, kabla ya kulaza kitambaa cha mwisho unaweka kipande cha uzi wa rangi yako, kinazama humo kwenye gundi. Kiraka kikibanduka, uzi unasema ni cha nani. Kinyozi ni njano. Baba Mkubwa ni nyuzi mbili nyekundu zilizosokotwa pamoja, na hakuna mwingine anayezigusa. Mimi nimepewa kijani, na leo nimeulaza uzi wangu wa kwanza kwenye kiraka cha mtumbwi wa mvuvi.

Kuhusu boti ya shule, Baba Mkubwa ameniambia nipige msasa mbavu na tumbo, ila pua nimwachie yeye. Amesema puani pana mikunjo migumu. Sawa, mkubwa ni mkubwa.

Jumatano, 12 Juni

Upepo. Vumbi linaganda kwenye polishi. Tumekaa bure.

Ijumaa, 14 Juni

Kidoti amerudi shuleni na shati limechanika. Amepigana na mtoto wa fundi cherehani, aliyemwita mtoto wa mlevi mbele ya darasa zima. Nilipotaka kwenda kwa huyo fundi, mama mkwe alisema bila kuinua macho, "Kaa chini. Utawaambia nini?"

Nikakaa. Ningewaambia nini kweli? Mume wangu alikuwa na vidonda vya tumbo, soda tu ilimtoa jasho. Alfajiri zote alivusha mikate ya mwoka mikate kwa mashua yake ndogo ya mbao na kurudi kabla jua halijakolea. Siku ile hakurudi. Walimkuta karibu na nguzo za daraja bovu, mashua imepasuka, na Baba Mkubwa ndiye aliyemtoa majini. Akasema, huku akilia, kwamba kijana alikuwa ananuka pombe. Mtu aliyeubeba mwili akisema hivyo, nani atabisha? Mtaa mzima ukaamini. Mama mkwe akaacha kumtaja mwanawe kabisa, na mimi akaacha kuniita kwa chochote. Mtoto wangu anakua na jambo hili shingoni, na sina hata neno moja la kumtetea nalo.

Jumatatu, 17 Juni

Ukungu asubuhi, wa kwanza msimu huu. Ulikuwa hivihivi siku ile. Nimepiga mashine ubavu wa kulia mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumatano, 19 Juni

Ubavu wa kulia umekubali. Nimejiona usoni, na nywele zangu ni aibu. Baba Mkubwa amesafiri kununua gundi na vitambaa, atarudi Jumanne. Mwalimu mkuu naye kaja na habari kwamba boti inatakiwa Jumamosi ya wiki hiyohiyo, si mwezi ujao. Nimemwambia itakuwa tayari. Mdomo wangu huu!

Alhamisi, 20 Juni

Pua inaniudhi. Boti yote nyeupe, lakini upande wa kushoto wa pua pana doa la manjano kama ukubwa wa sinia. Nimelipaka dawa, limegoma. Nta ndiyo kabisa, inalionyesha zaidi. Kinyozi amesema niliache, nimeambiwa niliache. Lakini nimewaza: mtu huyu amenibeba mwaka mzima, akirudi na uchovu wa safari akute pua imekwisha, si atafurahi? Kesho nitapiga msasa.

Ijumaa, 21 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilianza asubuhi kwa msasa wa maji, ule laini, taratibu. Doa halikutoka. Nikachukua mkali kidogo. Juu palikuwa na rangi ya kupaka, si ngozi yenyewe ya boti, nikasema aha, kumbe hapa pamewahi kuzibwa. Kiraka kizuri sana, kingo zimekonda, huwezi kuzihisi hata kwa kidole. Nikawa najiambia fundi huyu ni hodari. Kwa kumsifia hivyo nikajisahau, nikapitiliza, nikala rangi mpaka kitambaa. Nikatukana. Nikamwagia maji nione nimeharibu kiasi gani.

Ndani ya gundi, chini ya maji, nikaona nyuzi mbili nyekundu zilizosokotwa.

Nikafikiri macho yananidanganya. Nikafuta, nikamwagia tena. Nyekundu, mbili. Baba Mkubwa alisema mbele yangu, mbele ya mwalimu mkuu, kwamba boti hii hajawahi kuiona.

Mtu mwenye akili angeacha pale. Mimi nilishika patasi nikainua ukingo wa kitambaa, ufa wa kidole hivi, maana nilitaka kujua alikuwa anaficha nini. Chini yake faiba ya zamani ilikuwa imechanika kwa kugongwa. Na katikati ya nyuzi zile za faiba zilizochanika, mahali pa ndani ambapo msasa wake haukufika, palikuwa na rangi. Vipande vidogo, vidogo kama punje za mchele.

Rangi hiyo naijua. Niliichanganya mimi. Mume wangu alipokuwa anapaka mashua, bluu haikutosha, nikachukua mabaki ya kijani tuliyopakia dirisha la jikoni na kijiko cha nyeupe, nikakoroga kwa mwiko, tukagombana kwa sababu ya huo mwiko. Haikuwa bluu wala kijani. Alisema mashua yake ina rangi ya homa. Hakuna chombo kingine majini chenye rangi ile, hakuna duka linaloiuza.

Nilikaa chini kwenye tope la msasa. Sikulia. Kinyozi akaja kuuliza kama nimejikata, nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama. Kisha akavuta gunia, akafunika pua ya boti.

Jumamosi, 22 Juni

Nimesema naumwa. Naumwa kweli.

Jumatatu, 24 Juni

Kinyozi amenieleza analolijua. Mwaka jana, wiki ile ya msiba, karakana ilifungwa kwa maombolezo. Siku ya pili alipita kuchukua koti lake akakuta mlango umefungwa kwa ndani, na harufu ya gundi mbichi inatoka dirishani. Alibisha, Baba Mkubwa akamjibu humo ndani kwamba anataka kuwa peke yake na huzuni yake. Kinyozi akaondoka, akisema moyoni kila mtu analia kwa namna yake. Kumbe boti ilirudi kwa yule mfanyabiashara bila mtu mwingine kuiona.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Alishangaa. Aseme nini, kwamba karakana ya faiba ilinuka gundi?

Ana haki. Mimi mwenyewe nimekula kwenye meza ya mtu yule kila Jumapili kwa mwaka mzima, nikamuombea uhai.

Nimepiga picha kiraka, uzi na rangi kwa simu. Nimempa Kinyozi pia, azitunze kwenye yake.

Jumanne, 25 Juni

Amerudi. Alishusha mizigo, akanisalimia kwa furaha, akauliza Kidoti hajambo. Kisha akaona gunia. Aliliendea polepole, akaliinua, akainama akatazama kiraka.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani mwingine ameona?"

Mpaka dakika ile kuna kipande changu kilichokuwa kinamtafutia sababu. Kumbe labda yeye aliziba tu. Kumbe labda aliletewa. Kile kipande kikafa.

Alikaa juu ya debe la rangi akaeleza, akiwa anatazama chini. Boti ililetwa kutengenezwa injini. Aliitoa alfajiri kuijaribu, katika ukungu, bila taa, kwa sababu betri ya taa ilikuwa inachajiwa. Alisikia mgongano kabla ya kuona. Alipoona rangi ya mashua akajua ni nani. Akamwita. Akaita tena na tena, akazunguka, hakujibiwa. Ndipo akarudi, akaificha boti, akasubiri wengine waanze kumtafuta ili naye aende kumtafuta.

Nilimuuliza kitu cha kipuuzi, sijui kwa nini ndicho kilichokuja. Nilimuuliza kwa nini aliweka uzi. Boti ya kuficha, kiraka cha kuficha, halafu unatia alama yako?

Alitazama mikono yake. "Sikumbuki kama niliuweka," akasema. "Mkono umezoea."

"Na pombe?"

Akasema watu walikuwa wanauliza, kijana anayajua maji yale tangu utotoni, amegongaje nguzo? Ikabidi iwepo sababu. Akasema la kwanza lililomjia.

La kwanza lililomjia. Mtoto wangu anapigana darasani kwa ajili ya neno lililomjia mtu mdomoni.

Akaanza kunisihi. Atakifunga kiraka leo, nimalizie polishi, watoto wa watu wanaisubiri boti. Amemlea Kidoti kama mjukuu, na ataendelea kumlea. Akaniita mwanangu. Nilimwambia boti haitoki hapa na kiraka hakifungwi, na akikigusa picha zinakwenda polisi kabla gundi haijakauka. Sauti haikuwa yangu. Kinyozi alinishika bega mpaka nje.

Jumatano, 26 Juni

Nilimwambia mama mkwe leo mchana. Alikuwa anakunja nguo. Niliogopa, maana huyo ni shemeji yake, ndiye aliyemshika mkono makaburini, na mimi ni nani? Mwanamke aliyepewa mgongo mwaka mzima. Nilidhani atanifukuza. Nikasema yote kwa mfululizo, nikamwonyesha picha.

Aliikuza picha kwa vidole viwili. Rangi ile aliitambua kabla sijaitaja, maana alikuwepo siku ya mwiko. Akaweka simu chini, akaendelea kukunja mpaka nguo ya mwisho, na kila moja akailainisha kwa kiganja.

Halafu akasema, "Nilidhani ni wewe."

Sikuelewa. Akasema mwanawe hakuwahi kuonja pombe, alijua hilo kama anavyojua jina lake. Alipoambiwa amekufa amelewa, akajiuliza nani amemfikisha huko, akaona hakuna mwingine isipokuwa mke. Kila nilipoingia mlangoni aliona mtu aliyemuua mwanawe. "Mwaka mzima nimekula chakula chako nikikuchukia," akasema. "Mwanangu, utanisamehe vipi?"

Mwanangu! Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa hilo. Sote wawili tulilia juu ya zile nguo, ikabidi zifuliwe upya.

Nilipotaja polisi alisema tutakwenda, Jumatatu, na shemeji yake atatangulia kwa miguu yake. Lakini polisi hawataingia nyumba za watu kumsafisha mwanawe. Uongo ule ulipitishwa nyumba kwa nyumba, na aliyeupitisha atarudi mlango kwa mlango kuufuta. Akavaa viatu akaenda kumwambia. Sijui walisema nini. Aliporudi alisema tu, "Jumamosi."

Ijumaa, 28 Juni

Mwalimu mkuu ameelezwa. Akasema boti ibaki hapo hapo ilipo mpaka wakubwa wa sheria waione.

Jumamosi, 29 Juni

Tulianza saa tatu asubuhi kwa fundi cherehani. Baba Mkubwa mbele, mama mkwe nyuma yake hatua moja, mimi na Kinyozi nyuma zaidi. Manyunyu yalikuwa yanashuka na hakuna aliyefungua mwavuli. Alisimama kizingitini akasema: niliwaambia kijana wangu alikufa amelewa, nilisema uongo, nilimgonga mimi. Fundi akasimamisha cherehani. Mkewe akashika mdomo. Mtoto wao alikuwa nyuma ya pazia, na mama mkwe akamwambia Baba Mkubwa arudie kwa sauti, kuna mtu hajasikia vizuri. Akarudia.

Nyumba ya pili, ya tatu. Kuna waliolia, kuna aliyemfungia mlango usoni, na mama mkwe akasubiri mpaka ukafunguliwa tena. Sauti ya mzee ilikuwa inakwisha. Nilidhani nitafurahi, lakini kila mlango nilimsikia mume wangu akifa upya.

Kwa mwoka mikate ndipo nilipopigwa na jingine. Alifuta unga mikononi akasema siku ile alimpa chai kabla hajapakia mikate, wakaongea vizuri, na alijua kabisa kijana hajanywa. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema hakuulizwa na mtu. Mama mkwe alimtazama mpaka akainamisha kichwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa yetu. Hilo mimi sikulijua, mama mkwe alikuwa amelipanga peke yake. Kidoti alikuwa sakafuni na hesabu zake. Alimwona babu yake akarukia kumsalimia, kama siku zote, na mzee akarudi nyuma. Nilitaka kuzuia. Mama mkwe akanishika mkono akasema huyu ndiye anayestahili kusikia kuliko wote.

Alipiga magoti ili walingane. Akasema yale aliyoyasema kote, lakini safari hii maneno yalikatika katikati, akayaokota, akamaliza. Kidoti alimsikiliza bila kututazama sisi. Penseli ilikuwa bado mkononi.

"Babu," akauliza, "alikuwa anakwenda au anarudi?"

"Anarudi," Baba Mkubwa akasema. "Alikuwa anarudi nyumbani."

Kidoti akafikiri.

"Ni kweli," akasema. "Alisema angenipeleka shule. Nilikuwa nimeshavaa viatu."